Jirani Niliyemfuta Orodhani

21 Septemba 2003, Jumapili

Inatangazwa kwa wananchi wote wa nyumba hii, yaani mimi, mke wangu Guliko, na jogoo ambaye hana haki ya kupiga kura, kwamba kuanzia asubuhi ya leo daftari hili la kusomea mita za umeme limestaafu utumishi wa umma. Limetumika miezi minane bila kuandikwa tarakimu hata moja, kwa sababu umeme hapa Zedubani hukaa saa mbili tu kwa siku, na siku nyingine hukaa muda wa kumwonyesha mtu mshumaa ulipo, kisha ukaondoka. Mimi Anzori, msoma mita, nimelikabidhi kwa mwandishi wake mpya, ambaye pia ni mimi. Hotuba zimetolewa. Jogoo hakupiga kofi.

Nimeamua kuandika kwa sababu msimu huu hapa Kakheti, mkoa wetu wa mizabibu, tutavuna mara mbili: zabibu sasa, na kura tarehe 2 Novemba. Wanasema safari hii mzee wa Tbilisi, rais wetu, ataanguka. Wamesema hivyo tangu nilipokuwa na nywele.

Sababu nyingine ni Ambrosi, jirani yangu wa ng'ambo ya ua. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukakaa dawati moja, tukapanda mizabibu wiki moja kwenye mteremko mmoja. Mzabibu wake umevuka ua na kuingia kwangu shubiri moja na nusu. Nimepima.

24 Septemba

Tumepima sukari ya zabibu. Zangu ishirini na moja. Zake ishirini na nne. Jua ni lile lile, nimelichunguza.

28 Septemba

Mvua.

4 Oktoba, Jumamosi

Leo tumevuna kwa shemeji yangu Shalva, kaka yake Guliko. Kazi yenyewe haina habari: mgongo, nyigu, kikapu. Habari ni meza iliyofuata.

Kwetu meza haianzi bila tamada, yaani msemaji wa meza. Yeye ndiye huinua bilauri, akatoa neno: la Mungu, la nchi, la wafu, la wazazi, la watoto. Hakuna anayekunywa kabla hajasema. Mwaka mzima nimejiandaa. Nimesoma vitabu vyote vya maktaba ya kijiji, hata kile cha ufugaji wa sungura. Nimetunga maneno kumi na mawili na kuyahifadhi kichwani. Neno langu la wafu lina mafungu matatu na kituo cha kuvuta pumzi.

Shalva akasimama. "Jamani, tamada wetu leo nani?" Akanitazama. Naapa alinitazama. Nikafuta masharubu.

"Ambrosi!" akasema.

"Ah, mniache mwenzenu, nimechoka," Ambrosi akasema, huku tayari amesimama.

Hana matayarisho huyu mtu. Anasema kama anayeongea na ng'ombe wake. Kwenye neno la akina mama alisema hivi tu: "Mama yangu alikuwa akinimenyea yai, anapuliza, ananipa. Siku hizi nikimenya yai bado nangoja mtu apulize." Basi. Akanywa.

Guliko akalia. Niliona. Alijifanya anafuta jasho, lakini jasho halitoki kwenye kope. Nimeishi naye miaka ishirini na sita, na machozi pekee niliyowahi kumtoa ni ya kukatakata vitunguu.

Njiani nikamwambia, "Yai! Hata kuku angeweza kusema lile."

"Basi ungesema wewe," akanijibu.

5 Oktoba

Kichwa.

11 Oktoba

Mwalimu Lamara ameniita shuleni. Ni mkuu wa shule na pia mwenyekiti wa kituo cha kupigia kura, kwa kuwa hapa mtu mwenye ufunguo wa jengo lenye jiko la kuni hupewa na demokrasia pia. Alikuwa na bwana Murtazi wa wilayani, yule mwenye koti la ngozi, ambaye hukaa kwenye kiti kana kwamba ndiye aliyekizaa kile kiti.

"Anzori, mwandiko wako ni mzuri," Mwalimu akasema. "Orodha ya wapiga kura ya zamani imeliwa na panya. Tunakili upya."

"Na wafu, Mwalimu? Niwatoe?"

Murtazi akacheka kwa pua. "Wafu wana haraka gani? Waache. Nao wanaipenda serikali."

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mama Zhuzhuna, mjane wa Vasili, alikuwa ananisubiri langoni na mfuko wa jozi.

"Mwanangu, nasikia unaandika orodha. Vasili wangu usimfute."

"Mama, Vasili ana miaka tisa kaburini."

"Najua alipo, nampelekea mvinyo kila Pasaka. Nakwambia usimfute. Kanisani walishasoma jina lake wakamaliza, shamba wameandika jina la mtoto. Hiyo orodha ndiyo mahali pekee bado anaitwa."

Wamekuja wajane wanne mpaka sasa. Jozi, jibini, soksi za sufi. Na ndivyo kura zinavyoibwa kwetu: Murtazi huwatumia wafu kwa sababu sisi hatuna moyo wa kuwatoa. Sijaona kitabu kilichoandika hivyo. Nimegundua mwenyewe, jikoni.

15 Oktoba

Andika, Anzori, maana daftari halina mdomo.

Nilikuwa nanakili orodha pale mezani dirishani. Nimefika mia moja na kumi na saba: Ilo, baba yake Ambrosi, aliyekufa mwaka tisini na moja. Nikamwandika vizuri, na herufi yenye mkia. Nje nikasikia kicheko. Guliko na Ambrosi, kwenye ua. Alikuwa anampa zabibu za ule mzabibu uliovuka, yaani zabibu zilizo kwangu, na yeye Guliko anazipokea kama zawadi.

"Mpelekee na msomi wako," Ambrosi akasema. "Aache karatasi ale."

Msomi wako! Guliko akacheka tena.

Mia moja na kumi na nane ilikuwa ni yeye, Ambrosi mwana wa Ilo. Kalamu ikasimama. Kisha ikamwandika Tsiuri, mkewe, kwenye mia moja na kumi na nane, ikaendelea na safari yake. Sikukata jina wala sikuchana karatasi. Niliruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nimewaacha wafu thelathini na mmoja, nimemtoa hai mmoja. Zabibu nilizila. Zilikuwa tamu, jambo lililozidi kuniudhi.

16 Oktoba

Nimekabidhi orodha. Mwalimu Lamara akaisifu kwa mwandiko.

20 Oktoba

Siku tano nimelala kwa raha. Kila nikimwona Ambrosi natabasamu, naye anadhani tumeelewana.

25 Oktoba

Mavuno yamekwisha. Mvinyo upo kwenye mitungi iliyofukiwa, shingo sawa na ardhi, unanguruma chini kama mtu anayeota. Wangu unanguruma kidogo.

2 Novemba, Jumapili. Uchaguzi

Nilipewa kazi mlangoni. Mwaka huu kila anayepiga kura anapakwa wino usioonekana kwenye kidole gumba, na mtu wa mlangoni ana taa maalumu ya betri ya kumulika kama umeshapakwa. Nani apewe taa katika kijiji kisicho na umeme? Msoma mita. Kwa hiyo tangu saa mbili asubuhi nilikuwa namulika vidole vya wakulima. Vina udongo tu.

Orodha ilikuwa ndani, mezani kwa Mwalimu Lamara. Sikuisogelea. Kila mtu aliyeingia nilimwona kama anaingia kuusoma moyo wangu. Mpaka jioni hata mimi mwenyewe sikupiga kura, kwa kuiogopa ile meza tu.

Saa nne akaja Ambrosi, amevaa suti ya harusi. Nikamulika kidole chake.

"Vipi jirani, unaona serikali mpya humo?" akaniuliza.

"Naona kucha."

Akaingia. Nikahesabu. Nilipofika thelathini nikasikia sauti ya Mwalimu: "Ambrosi, hebu rudia jina."

"Mwalimu, umenifundisha wewe. Umenichapa wewe."

"Humu jina lako halimo."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Yumo Ilo, yumo Tsiuri. Wewe humo."

Nilingoja apige meza, apige kelele, atolewe nje kwa aibu. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nayo siku zote zile nilizolala kwa raha. Badala yake Ambrosi akasema kwa sauti yake ile ya kuongea na ng'ombe: "Baba nilimzika kwa mikono hii, na yumo. Mimi niliyemzika simo. Mwalimu, nani kamzika nani?"

Foleni nzima ikacheka. Shalva akapaza sauti kutoka nyuma: "Rudi nyumbani Ambrosi, Tsiuri anakuandalia arobaini!"

"Mwambie mvinyo uwe mweupe," Ambrosi akajibu, "na tamada asiwe Murtazi."

Sasa basi, pembeni ya jiko alikuwepo msichana wa televisheni kutoka Tbilisi, amekuja na kamera kutafuta wizi, na tangu asubuhi alikuwa hajapata kitu zaidi ya baridi. Akaruka kama paka aliyesikia sahani. Ambrosi akaombwa arudie. Akarudia. Akatoka nje, akasimama chini ya bendera, kofia mkononi, akaiambia kamera: "Miaka kumi na miwili tunaambiwa tuko huru. Mimi sidai mengi. Nataka niandikwe hai."

Niandikwe hai! Hakuwa ameandaa. Ningempa mwaka mzima na maktaba yote asingepata sentensi ile. Akapewa bure, na aliyempa ni mimi.

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika taa. Guliko, aliyechungulia kwenye kamera ya yule msichana, ameniambia kwamba kwenye picha unaonekana mkono wangu.

4 Novemba

Duka la mkate lina jenereta. Kijiji kizima kilikuwa pale. Wamemwonyesha Ambrosi mara tatu. Mkono wangu upo.

6 Novemba

Matokeo yanasema serikali imeshinda kwetu kwa kura nyingi. Watu Tbilisi wameingia barabarani. Ambrosi sasa anaitwa Marehemu. "Shikamoo Marehemu," watoto wanamwambia, naye anawaitikia, "Marahaba, walio hai."

9 Novemba

Basi limekuja kuchukua watu wa kwenda Tbilisi kusimama mbele ya bunge. Ambrosi amebeba bango aliloandikiwa: MIMI NI MAREHEMU KUTOKA ZEDUBANI. Kabla ya kupanda alikuja uani kwangu.

"Jirani, nakuomba jambo. Mtungi wangu mkubwa. Mvinyo ukishuka humo, uujaze, ufunike, uzibe kwa udongo. Tsiuri mgongo haumruhusu. Na wengine siwaamini."

"Wengine huwaamini?"

"Wewe mwandiko wako umenyooka. Mtu wa namna hiyo hamwagi mvinyo wa mwenzake."

Akanikumbatia. Akapanda basi. Watu walipiga makofi kama anakwenda mwezini. Guliko alimpa soksi za sufi, zile zile nilizopewa na mjane.

13 Novemba

Mvua.

14 Novemba

Mvua. Redio inasema na Tbilisi mvua. Guliko anasema, "Masikini, watakuwa wamelowa." Mimi nilikuwa nimelowa mbele yake, nimetoka kwenye mtungi wa Ambrosi.

17 Novemba

Leo nimeufungua mtungi wa Ambrosi na kuuonja mvinyo wake. Nilitaka uwe mbaya. Mungu, nilitaka uwe hata wa kawaida tu.

Nilikaa kando ya ule mtungi muda mrefu, kifuniko cha jiwe kikiwa pembeni. Ilitosha kuuacha wazi. Siku nne, tano za hewa, ungekuwa siki, na nani angejua? Mvinyo hufa bila cheti. Nikafikiri: nilimfuta mtu mzima kwa kuruka mstari mmoja, mkono haukukataa. Kwa nini sasa unakataa?

Nikafunika. Nikaziba kwa udongo, nikaulainisha kwa kiganja mpaka ukang'aa. Haukuwa wema. Orodha ile ni ya serikali, na hapa tangu enzi za babu zetu kitu cha serikali kukiharibu si dhambi, ni desturi. Mtungi ni wa mtu. Labda ndiyo maana tunabadilisha serikali na hatupati nyingine: tunatunza vilivyo chini ya ardhi tu.

Hili nalo nimegundua mwenyewe. Hakuna wa kumwambia.

22 Novemba, Jumamosi

Redio yangu ndiyo pekee mtaani inayofanya kazi, kwa betri za ile taa ya uchaguzi ambazo nilisahau kuzirudisha. Kwa hiyo tangu mchana jiko letu limejaa. Tsiuri amekaa kwenye kiti changu.

Mtangazaji akasema watu wameingia bungeni. Akasema mzee ametolewa na walinzi wake. Akasema mzee ametangaza hali ya hatari, na jeshi likitii, lolote laweza kutokea. Halafu mikwaruzo.

"Ambrosi atakuwa mbele," Tsiuri akasema. "Namjua. Hawezi kukaa nyuma."

"Hapana bwana, atakuwa kati," Shalva akamwambia. "Kati ndiko kuna joto."

"Hata alikuwa hataki kwenda mjini kununua viatu, huyu. Kilichompeleka ni lile jina. Angekuwepo kwenye ile orodha, sasa hivi angekuwa hapa ananilalamikia supu." Akajifunika uso kwa aproni. "Aliyemfuta, Mungu amwone."

Guliko akamshika bega. Mimi nikashika redio, nikawa nazungusha kile kitufe nacho hakikuhitaji kuzungushwa.

Nitasema kweli, kwa kuwa ndiyo kazi ya daftari. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba nimemuua. Wakipiga risasi, aliyemtoa kwenye karatasi ndiye aliyemtoa duniani. Nilimwona na kofia yake mkononi, amelala kwenye ngazi. Nikamwombea, na si kwa maneno yangu ya mafungu matatu, kwa neno moja tu: asife, asife.

Jambo la pili, halikuchelewa hata kidogo, ni kwamba akifa shule itapewa jina lake. Nitakufa mzee, nikipita kila siku chini ya kibao. Na Guliko ataweka maua.

Yote mawili yalikuwa ndani ya kifua kimoja kwa wakati mmoja, yakisukumana kama watu mlangoni. Mwenye kijicho hapumziki hata anapoomba dua.

23 Novemba, Jumapili. Siku ya Mtakatifu Giorgi

Nimekuwa tamada.

Sikukuu ya kijiji, meza ndefu ukumbini, watu sitini, na kwa kuwa Ambrosi hayupo Shalva alisimama, akazungusha macho mara mbili, akasema, "Basi... Anzori."

Hilo "basi" nimelisamehe. Nikasimama. Nikatoa neno la Mungu, watu wakanywa. La nchi, wakanywa. Redio walikuwa wameiweka katikati ya meza, kati ya nyama na jibini, na kila nilipofungua mdomo kuna aliyesema, "Shh!" Nilidhani anawanyamazisha wengine. Alikuwa ananinyamazisha mimi.

Nikafika kwenye neno la wafu. Fungu la kwanza likapita. La pili likapita; Mama Zhuzhuna akawa anatikisa kichwa, midomo inamtetemeka, na nikamwona Guliko ameinua macho kutoka kwenye sahani. Nikafika kwenye kituo cha kuvuta pumzi. Nikavuta.

Redio ikasema mzee amejiuzulu.

Ukumbi ukapasuka. Watu wakapanda viti, wakabusiana, Shalva akambusu padri mdomoni. "Marehemu kaiangusha serikali!" wakapiga kelele. "Afya ya Ambrosi!" Na wakanywa. Wakanywa bila tamada! Nilikuwa nimesimama, bilauri juu, fungu la tatu mdomoni, na meza nzima ikanywa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Fungu la tatu nimelisema nyumbani kwa jogoo.

26 Novemba

Amerudi. Amekonda, sauti imekauka, na jambo la kwanza alikuja kuutazama mtungi. Akaonja. Akanitazama kwa macho yaliyojaa machozi.

"Umeutunza kuliko mimi, jirani."

Kuna watu hawakuachii hata nafasi ya kuwachukia kwa utulivu.

Bwana Murtazi pia amekuja, na kamati mpya ya wilaya. Kamati ni Murtazi na watu wawili wa zamani. Koti ni lile lile. Kifuani kuna ua la waridi, lile la waandamanaji wa Tbilisi. Akatangaza kwamba waliohusika na orodha chafu watasakwa, na kwamba Ambrosi anapendekezwa kuwa mkuu wa kijiji. Alipopita karibu yangu nikamwambia, "Bwana Murtazi, na wafu je?" Akasema, "Wafu gani?"

30 Novemba, Jumapili

Karamu kwa Ambrosi. Tamada ni yeye, hata hawakuuliza.

Neno la saba, akainua bilauri. "Sasa," akasema, "nataka tunywe kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Mtu alikaa mahali, na kalamu, akanifuta. Alikuwa na sababu yake. Namwombea mema. Bila yeye nisingeijua nchi yangu, ningekufa nikijua shamba tu. Kwa afya yake, popote alipo."

Bilauri zikapanda. "Kwa huyo mwanaharamu!" Shalva akasema, na wote wakacheka.

Ningeweza kunywa. Ningekuwa nimekunywa, yangekwisha. Murtazi alikuwa pale pale, na waridi lake, akisaka. Lakini jamani, mwaka mzima nimetafuta neno moja la meza linihusu, na sasa limesemwa, zuri kuliko yote niliyowahi kusikia, na linakwenda kwa mtu asiyejulikana! Huyo asiyejulikana nikamwonea wivu. Nilijionea wivu mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Niliyekufuta. Kwa mkono wangu, tarehe kumi na tano Oktoba, dirishani. Nilifika mia moja na kumi na saba, nikamruka mia moja na kumi na nane. Kwa makusudi. Mapinduzi ya Zedubani, mimi ndiye niliyeyaanzisha."

Tsiuri akaweka kijiko chini. Ambrosi alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Kwa nini, Anzori?"

Nilikuwa na majibu ya kisiasa matatu, yote mazuri. Kilichotoka ni, "Ulisema kuhusu yai. Guliko akalia."

Hakuna aliyecheka. Guliko alikuwa ananitazama, na miaka ishirini na sita sikuwahi kutazamwa vile. Sijui bado kama ni vizuri.

Ndipo Mwalimu Lamara, upande wa pili wa meza, akasafisha koo. "Anzori, kaa chini. Orodha yako hatukuitumia."

"Nini?"

"Siku mbili kabla ya uchaguzi wilaya walituletea nyingine, imechapwa kwa kompyuta. Yako ipo kabatini. Nilitaka kukwambia, nikasahau. Na wewe siku ile hukuja mezani."

"Lakini hakuwemo!"

"Kwenye ile iliyochapwa pia hakuwemo. Mashine yao ilimruka yenyewe, sijui kwa nini." Murtazi akainama kuokota kitu kisichoanguka.

Shalva ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote. Ambrosi alikuja mpaka nilipo, akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mzito kuliko wa mtu anayetania. "Kwa hiyo hata kunifuta hukuweza, jirani," akasema taratibu. Akanijazia bilauri. "Kunywa. Lakini ule mzabibu nitaukata."

Tulirudi kwa miguu, mimi na Guliko. Langoni akaniuliza, "Ulimfuta kwa sababu nililia?"

"Ndiyo."

"Mama yangu ndiye alikuwa akinipulizia yai, Anzori. Nilimlilia mama yangu." Akaingia ndani.

1 Desemba

Nimekwenda shuleni, nikamwomba Mwalimu Lamara anionyeshe orodha iliyochapwa, nikailinganisha na yangu mstari kwa mstari. Wafu wote thelathini na mmoja wamo. Walio hai wasiokuwemo kwenye iliyochapwa ni kumi na mmoja. Tisa wako Ugiriki na Moscow kwa vibarua, hakuna aliyewatafuta. Wa kumi ni Ambrosi. Wa kumi na moja ni mimi.